Sifa za Gari Lisiloondoka Mpaka Lijae

Wako watunzi waliosifu farasi na majahazi, na Lucian, wa zama za Warumi, alimsifu hata nzi. Lakini gari dogo la abiria lisiloondoka kituoni mpaka lijae, ambalo wasafiri wa kila taifa hulilaani kwa lugha zao, halijapata mtetezi mwenye kalamu. Nami nimeazimia kuiondoa dhuluma hiyo, na nitalichukua gari hilo pale linapotukanwa zaidi, yaani katika juma la Krismasi, mjini Makassar, likielekea milima ya Toraja katika kisiwa cha Sulawesi, nchi ya Indonesia.

Watoraja ni watu wa milimani, na Ukristo, walioletewa na wamisionari wa Kiholanzi mwaka 1913 na kuupokea bila haraka, hata mmisionari wa kwanza, van de Loosdrecht, akauawa mwaka 1917, leo ndiyo dini ya wengi wao, katika jimbo ambalo Wabugis na Wamakassar walio wengi ni Waislamu. Vijana wao hutawanyika kutafuta riziki Makassar, Jakarta, Kalimantan na Papua, na ikiwadia Desemba wote hukumbuka kwao kwa pamoja, katika mwezi ule ule ambao mvua nayo hukumbuka kushuka. Kutoka Makassar hadi Rantepao, mji wa Toraja, ni kilomita kama 320. Yapo mabasi makubwa ya usiku, yenye viti vya kulala na mablanketi, yanayoondoka kwa saa iliyoandikwa katika tiketi. Siyasemi vibaya, lakini chombo kitendacho kile kilichoahidi kimekwisha kulipwa nauli yake, hakina haja ya sifa za mtu.

Gari letu halikuahidi kitu. Saa, tukiitazama kwa insafu, ni hakimu mkali anayemwacha kikongwe aliyechelewa kwa dakika moja na kumchukua kijana asiye na lolote la kufanya aendako. Lakini gari lisilojua saa humngoja kila mtu, na hata yule ambaye bado yuko nyumbani anafunga mizigo, naye hajaamua kama atasafiri, amekwisha kuwekewa nafasi kwa taadhima. Dereva, kwa jamala yake, huwasha moto, akasogea hatua mbili, abiria wakamshukuru Mungu na kuketi sawasawa. Kisha hurudi nyuma palepale, akazima, akashuka kununua sigara. Ni wanazuoni wangapi waliopata kuwafundisha watu subira, na kuwafundisha tena na tena kwa asubuhi moja, bila kudai ada ya ziada?

Na sigara zenyewe zina haki ya kutajwa. Ni zile ziitwazo kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, ambazo huvutwa na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Msomaji wa Unguja au Pemba akiingizwa humo akiwa amefumbwa macho angedhani amefika nyumbani wakati wa mavuno, wala asingekosea sana kinasaba: mkarafuu ni mwenyeji wa Maluku, visiwa vilivyo mashariki ya Sulawesi, ulioletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya visiwa vya Mascarene, na baadaye, kwa miaka mingi ya karne ya 20, Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar ili izichome moto. Mtu akikohoa ndani ya gari hili, basi, anakohoa historia ya biashara ya bahari mbili, na kitabu cha elimu hiyo kingemgharimu zaidi.

Fadhila iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ya magoti. Jamii ya Toraja tangu zamani ilikuwa na matabaka, wakuu, watu wa kati na watumwa, na hata leo heshima ya ukoo huonekana katika nakshi za tongkonan, zile nyumba zenye mapaa yaliyopinda kama merikebu, na katika idadi ya nyati wanaochinjwa mazikoni, ambao mmoja mwenye mabaka, tedong bonga, aweza kuuzwa kwa bei ya gari jipya. Sasa mtieni mrithi wa adhama hiyo katika kiti cha nyuma, mwuza kahawa kulia kwake, mwanafunzi kushoto, sanduku la mtu asiyejulikana mapajani, na mtoto wa jirani amelala juu ya sanduku: yupo wapi mkuu? Na kwa kuwa kungoja ni kurefu, watu huanza kuulizana tongkonan za wazee wao, na gari lisipojaa upesi, huonekana kuwa wote ni ndugu, jambo ambalo huwatia hofu wale waliokuwa wametegemea kutokutoa zawadi.

Kuhusu maporomoko ya udongo njiani, katika miteremko ya Enrekang, sina mengi, ila kwamba abiria aliyekwisha kulelewa na gari hili kituoni hushuka, akanywa kahawa na kula tambi kibandani, bila kumwuliza yeyote njia itafunguliwa lini. Na wa basi kubwa ndiye anayepiga simu.

Watu wenye mali watanijibu kwamba mwaka 2021 ulizinduliwa uwanja wa ndege huko Mengkendek, katika Toraja, karibu na mji wa Makale, na kwamba arukaye huwahi Krismasi. Lakini hoja hiyo haina nguvu mahali ambapo kila ushirika, kila ofisi, kila shule na kila ukoo hufanya Krismasi yake kwa siku yake, kuanzia mapema Desemba hata kuingia Januari, kila moja na hotuba zake, na wali wake, na nguruwe wake aliyepikwa ndani ya mianzi. Arukaye akala ya tarehe 25 akarudi kazini, na aliyengoja gari lijae akafika tarehe 27, akazikuta nyingine zinamsubiri.