Sifa za Mkaguzi wa Masharti ya Nyumba

Malenga wamewasifu masultani, manahodha na wanawali. Sijapata kusikia hata mmoja aliyemsifu yule mtu apitaye mtaani asubuhi, daftari mkononi, akitazama kama majani ya uani yamepita kimo, na kama rangi ya mlango ni ile iliyoridhiwa na kamati. Watu humwita mdaku. Kwa insafu naona amedhulumiwa, na makala haya nimeyakusudia yamrudishie heshima yake.

Mahali pa kumtazama katika adhama yake ni Houston, jimbo la Texas. Raia wa mji ule, walipoulizwa kwa kura mwaka 1948 kama wataka serikali iamue wapi pawe nyumba na wapi pawe duka, walikataa. Wakaulizwa tena mwaka 1962, na tena mwaka 1993, na jawabu likawa lile lile. Asiyewajua angedhani kwamba watu wenye kuipenda hiari namna hiyo humwacha kila mtu ajenge atakavyo. La hasha! Amri waliyoikataa ilipotoka kwa serikali wameipokea ilipotoka kwa jirani, maana viwanja vya mitaa mingi viliuzwa pamoja na masharti yaliyosajiliwa kwa karani wa kaunti, nayo humfunga kila anunuaye, ayasome asiyasome, kwa kuwa yameshikamana na ardhi wala si na mtu. Humo mna umbali wa nyumba na barabara, kimo cha uzio, idadi ya makao katika kiwanja kimoja, na katazo la biashara. Mtu wa kwetu, aliyelelewa kwenye baraza igusayo njia, na mama akiuza vitumbua mlangoni, angekuwa amekwisha vunja mawili kabla jua halijapanda.

Fadhila yake kubwa ni kwamba pasipo yeye karatasi ile hufa. Majirani wakinyamaza siku nyingi, huku huyu akisogeza ukuta na yule akigeuza banda la gari kuwa duka, mahakama yaweza kusema kwamba sharti wamekwisha kulisamehe, wala hapana tena wa kulidai. Alhasili, katika mtaa ule muungwana asiyeingilia ya watu ndiye mharibifu, na mdaku ndiye mlinzi. Naye hakisii: huitafuta namba ya kiwanja, akaichukua hati kwa karani, akaisoma pamoja na marekebisho yake, akahakikisha muda wake haujapita, ndipo atoke na futikamba. Asiposikilizwa, mji wenyewe, ule ulioikataa sheria mara tatu, waweza kumtuma wakili wake mahakamani.

Hasidi atanikumbusha kwamba zamani masharti haya yalikagua jambo jingine. Ni kweli. Mjini St. Louis wenye nyumba walitia sahihi mwaka 1911 hati ya kuwazuia watu weusi wasikae mtaani mwao, na aila ya Shelley iliponunua nyumba pale ikashtakiwa, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipohukumu, mwaka huo huo wa 1948, kwamba mahakama hazitatumiwa kutekeleza sharti la namna hiyo. Rangi iliyokaguliwa haikuwa ya mlango, bali ya aliyeufungua. Maneno yale yangalimo katika hati nyingi za kale, bila nguvu, na mkaguzi mwenye adabu huyapita upesi kwa macho, akatulia kwenye kifungu cha majani. Hapa, nakiri, sauti yangu ya kusifu yakwama kidogo.

Serikali nayo imempunguzia milki: tangu mwaka 1996 hawezi kukataza antena ya sahani isiyozidi mita moja, na mwaka 2006 Bunge likamzuia kumkataza mwenye nyumba kuipandisha bendera ya taifa. Lakini siku ya kuuza haijaondolewa. Mnunuzi aweza kudai cheti cha jumuiya ya mtaa, ambamo huandikwa kila kosa linalojulikana katika nyumba ile. Na hapo yule aliyemwita mdaku miaka yote humvutia kiti, akammiminia kahawa, akamwomba autazame tena uzio wake, safari hii kwa jicho la huruma.