Papa Damu wa Nguba

Tangu juzi jirani yangu wa bondeni ananiita Papa Damu, na watoto wake nao wamelidaka. Nikipita asubuhi na mkate nasikia, "Papa Damu, jambo!" Siwezi hata kukasirika; salamu ni salamu.

Nilichomwaga uani kwake si damu. Ni kulanti, yale maji mekundu ya kupoozea injini, na nilikuwa nimejipanga kuyatoa bila kuchafua hata jani. Nilitandaza maboksi chini ya gari, juu yake nikaweka beseni la mke wangu la kufulia. Injini niliiacha ipoe usiku kucha. Nikajilaza chali, nikalegeza kile kizibo cha plastiki chini ya rejeta, nacho kikatoa tone, kikafikiri, kikatoa tone jingine. Ubahili huo una sababu yake: kifuniko cha juu kikiwa kimefungwa, hewa haina pa kuingilia, kwa hiyo maji hayana haraka ya kutoka. Nikainuka, nikakifungua. Kizibo cha chini kikang'oka, na maji yakaruka kwa upinde, yakavuka beseni bila kulilowesha, yakavuka maboksi, yakashika mteremko.

Mtu wa mji wa tambarare atauliza kwa nini sikuegesha pasipo na mteremko. Aje Nguba, mtaa wetu wa Bukavu, anionyeshe hapo mahali. Huku Ibanda ukuta wangu unaanzia juu ya bati la jirani, na kila kinachomwagika kinajua njia: kwanza kwake, kisha Ziwa Kivu.

Mama jirani alikuwa na wageni wa kanisani, anachambua maharage. Mchirizi mwekundu ukapenya chini ya ua, ukazunguka mbabula, lile jiko la makaa, ukatuama mbele ya viatu vya mchungaji. Katika mji ulioona vita kama Bukavu, mtu hangoji maelezo. Yowe likapigwa. Nilipotambaa kutoka chini ya gari, mikono myekundu hadi viwikoni, nikakuta umati, na shefu wa avenyu yuko mbele.

"Papa, hii damu ni ya nani?"

"Ni maji ya radiatere, mama."

"Radiatere inakuwaka na damu?"

Shefu akachovya kidole, akanusa, akaanza kukipeleka mdomoni. Nikamrukia. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, na balaa lake ni kwamba ina utamu. Mbwa na mbuzi huilamba kwa furaha, kisha figo zinaharibika. Basi nusu saa iliyofuata niliimaliza nikimwaga mchanga juu ya dimbwi na kufukuza mbwa wa avenyu nzima kwa kandambili, huku mchungaji akiniangalia kama anayetafuta mstari wa kunisomea.

Na bado kazi ya kusuuza ilikuwa haijaanza. Ukitoa maji ya rejeta, mengine mengi hubaki ndani ya injini, kwa sababu katikati kuna mlango mdogo uitwao thamostati. Huo mlango unanipa raha kuufikiria. Hauna waya, hauna betri. Una nta tu ndani ya kikopo cha shaba: ikifika nyuzi kama 82 inayeyuka, inavimba, inasukuma pini, mlango unafunguka, ikipoa inasinyaa na springi inaufunga. Kwa hiyo unajaza maji safi, unawasha injini na kufungua hita mpaka mwisho hata kama jua linawaka, ili maji yapite kwenye mirija yake pia. Unangoja mpira wa juu upate moto, unazima, unaacha ipoe kabisa, unamwaga. Unarudia mpaka yatoke meupe. Ukifungua kifuniko kabla injini haijapoa utaungua uso. Hapa tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Ndani ya rejeta yanapita 100 bila kuchemka kwa sababu kifuniko kimeyakandamiza. Ukikiondoa, yanachemka yote papo hapo.

Unarudia, nimesema. Kwa maji gani? Kila safari ni lita sita au saba, na bomba langu hukohoa hewa. Mji umekaa na miguu ndani ya ziwa lenye kina kinachofikia mita 485 hivi, halafu wasichana wanapanda kilima na bidoni za manjano mgongoni kabla ya shule. Hili silichekei. Isitoshe, maji ya Kivu yana madini mengi. Yakipashwa moto huacha ukoko mweupe, ule ule wa kwenye birika, na ukoko huo unaziba rejeta. Nilisuuzia maji ya mvua ya kwenye bati.

Kizibo kilipatikana ndani ya maharage. Mpira wa chini ulichomoka mara moja, kandambili moja haijarudi. Beseni nimeambiwa ni langu sasa.

Kulanti niliyoikinga safari zilizofuata iko kwenye bidoni nyuma ya nyumba, nimeiandika SUMU pande zote. Kila fundi niliyemuuliza niipeleke wapi amenionyesha mfereji, na mfereji unaishia kwenye maji ya sambaza tunaokula. Msomaji wa Bukavu, ukijua mahali panapopokea kitu hiki, niambie. Naja nayo mwenyewe, imefungwa.