Heko, Balbu Janja

Taa ya kawaida haina adabu. Ukibonyeza swichi inawaka papo hapo, bila kuuliza aliyebonyeza ni nani wala kama ana akaunti. Balbu janja imelelewa vyema zaidi. Ikiamriwa iwake, haitii mpaka wakubwa wake waridhie, na wakubwa hao wanaishi ng'ambo.

Mwandishi wa sifa hizi hakusimuliwa. Ameishi nayo nyumba moja.

Fadhila ndogo ndogo zitajwe upesi. Balbu janja inasomesha: aina nyingi hazikubali ila Wi-Fi ya gigahezi 2.4, hivyo baba mwenye nyumba hujikuta amekesha akisoma habari za mawimbi. Inachangamkia LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa kuwa hata ikizimwa hunywa umeme kidogo ili isikie ikiitwa. Inapamba kuta, maana kila swichi hubandikwa karatasi yenye neno USIZIME. Dada wa kazi, aliyefunzwa tangu utotoni kuzima taa kila atokapo chumbani, amegeuka adui mkuu wa mfumo mzima, na hakuna aliyemshirikisha wakati mfumo huo unapangwa.

Fadhila kuu, hata hivyo, ni utii. Mtu ameketi sebuleni kwake Sinza, Dar es Salaam, na taa iko juu ya kichwa chake. Anaiamuru spika janja iiwashe, tena kwa Kiingereza, kwa kuwa Alexa, sauti ya spika hiyo, haijui Kiswahili. Bibi akisema "washa taa" hajibiwi. Sauti inaingia kwenye ruta, inapita kebo iliyolala chini ya Bahari ya Hindi, inafika kwenye kompyuta za kampuni ya spika. Huko inafasiriwa, kisha inapelekwa kwa seva za kiwanda kilichotengeneza balbu, nazo zinahakiki akaunti. Ruhusa ikitoka, inaanza safari ya kurudi, bahari ile ile, mpaka Sinza. Taa inawaka. Muda wote huo balbu ilikuwa na umeme na waya, na ingeweza kuwaka yenyewe. Ilijizuia.

Uaminifu huo ulipata mtihani tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Palipokosekana mtandao, umeme ulikuwepo na swichi ilikuwa imewashwa. Kilichokosekana ni amri tu. Balbu ya aina hii haikupapatika. Ilikaa kimya ikisubiri bahari ifanyiwe ukarabati.

Halafu kuna usiku ambao umeme unakatika. Ukirudi saa tisa, balbu nyingi huwaka zote kwa mwanga wote, na mtoto aliyebembelezwa kwa taabu anaamka. Ukikatika na kurudi mara tatu nne kwa haraka, aina nyingi za bei nafuu huelewa kwamba mwenye nyumba anataka kuziunganisha upya, kwani ndiyo ishara zilizopewa kiwandani. Zinasahau kila kitu na kuanza kupepesa. Jamani, mhandisi aliyepanga hivyo alikulia mji gani? Nani alimdanganya kwamba umeme haukatiki mara tatu kwa dakika moja? Hata Philips Hue, iliyoingia sokoni Oktoba 2012, ilichukua miaka kama sita kumruhusu mteja achague balbu yake ifanye nini umeme unaporudi.

Basi, sifa ziendelee, safari hii kwa wakubwa wenyewe.

Kampuni ya Revolv huko Marekani iliuza kisanduku cha kuunganisha vifaa vya nyumbani kwa dola 299, pamoja na ahadi ya huduma ya maisha. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Nest, iliyokuwa tayari mali ya Google, na tarehe 15 Mei 2016 huduma ikazimwa. Maisha yaliyoahidiwa, kumbe, hayakuwa ya mnunuzi. Mei 2020, kampuni nyingine, Wink, iliwatangazia wateja kwamba baada ya wiki moja wangelipa dola 4.99 kwa mwezi kuendelea kutumia vifaa walivyokwisha kuvilipia; kelele zilisogeza tarehe, lakini ada ilibaki. Kampuni ya Insteon haikusumbuka hata kutangaza. Aprili 2022 seva zake zilinyamaza ghafla, mpaka kikundi cha wateja kilipochanga fedha na kuinunua kampuni.

Wala utii huo kwa seva za ng'ambo si maumbile ya balbu. Programu huria ya Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, huendeshwa kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani ya nyumba. Kiwango cha Matter, kilichotoka Oktoba 2022, kinaviwezesha vifaa kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe bila kuvuka bahari. Safari ya ng'ambo iliwekwa na watu, kwa sababu anayeshika seva anashika pia akaunti, kumbukumbu za nani huwasha taa saa ngapi, na uwezo wa kubadili masharti.

Uingereza imeanza kuwauliza wakubwa hao. Tangu 29 Aprili 2024, sheria inawataka watengenezaji wataje muda wa chini kabisa ambao watatoa masasisho ya usalama. Huku kwetu, madukani Kariakoo na Luthuli Avenue, makasha mengi bado yanaahidi rangi milioni 16 na saa 25,000 za kuwaka. Kuhusu seva itakayotoa ruhusa, hayana neno.