Turufu Kila Mtu, Garasa Hakuna

Wachezaji wa briji wana mtu wanayemwita bubu. Mwenzake akishashinda mnada na mpinzani akatupa karata ya kwanza, bubu hulaza zake zote 13 mezani, uso juu, kisha hufunga mdomo. Haruhusiwi hata kushauri.

Mchezo huo usiletwe Magu. Jioni, chini ya mwembe karibu na barabara ya Mwanza–Musoma, wanaocheza ni wanne, wanaojua ni kumi. Mmoja ameibana saba ya turufu kifuani; nyuma ya bega lake jamaa mwenye mfuko wa dagaa tayari anamhimiza, "Kata, kaka, unangoja nini?" Siri kwisha.

Na saba si haba. Kwenye wahedisitini, mchezo wao, pointi ni 120, mshindi anatafuta 61, na saba peke yake ina 10. Mfalme, mzungu wa nne, ana 4 tu. Ghulamu 3. Bibi, maskini, 2, chini ya mtumishi wake! Taji lote lile, na mwenye saba anamla.

Wanaonishangaza ni wachambuzi wa siasa. Uchaguzi ukikaribia, kila mgombea "ana karata ya turufu". Wa chama hiki anayo, wa kile anayo, hata yule asiyejulikana nje ya kitongoji chake. Hesabu haitoki: kopa, uru, pau na shupaza ni aina nne, na turufu ni moja. Ndugu waandishi, hao wengine waiteni garasa.