Mlango Uliotugharimu Mbuzi

Mtu akisikia kwamba wewe ni Mkamba, huuliza mambo mawili: kama unajua uchawi, na kama unajua kuchonga. La kwanza mume wangu hulikana kwa hasira. La pili hulikubali kabla muulizaji hajamaliza swali.

"Iko kwenye damu," husema, huku akivitazama viganja vyake ambavyo kwa miaka mingi havijawahi kushika kitu kizito kuliko chaki.

Yeye ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Makueni, na nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Wote. Mimi ni wa Kitui, upande wa Mutomo. Nilipoolewa niliambiwa kwamba watu wa Makueni ni hodari wa maembe na machungwa. Habari za useremala hakuna aliyenidokezea.

Alianza mwaka wa 2018. Februari ile serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya mbao ikapaa, na fundi tuliyemwagiza kitanda cha watoto akaja kutuomba nyongeza. Baba watoto akamshukuru, akamsindikiza hadi langoni, akarudi na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo pesa za fundi zitabaki humu nyumbani. Zikabaki kweli. Zikageuka msumeno, randa, nyundo, patasi, futikamba, pimamaji, na mkanda wa ngozi wa kuvining'iniza vyote kiunoni. Nilipojumlisha risiti niliona fundi alikuwa rahisi. Lakini mimi si mwalimu wa hisabati.

Kazi ya kwanza ikawa kitanda chenyewe, cha dabo deka, mtoto mmoja juu na mwingine chini. Magodoro yetu ni ya futi tatu kwa sita. Akapima, akapima tena, akaunda fremu ya futi tatu kwa sita kamili, wala hukuweza kumkosoa hata kwa nukta, mradi upimie kwa nje. Unene wa mbao zenyewe haukuingia kwenye hesabu. Mbao za inchi mbili huku na inchi mbili kule zikameza inchi nne za upana, na godoro likakaa limekunja kingo kama chapati iliyozidi kikaango. Watoto wakawa wanalala kwenye mfereji. Asubuhi nilipolalamika, baba yao alinijibu kwamba vitanda vya madukani havina kinga ya mtoto kuanguka usiku, na hiki chake kinayo.

Banda la kuku ndilo lililofuata. Alichimbia nguzo za mgravilea moja kwa moja ardhini. Jirani aliyepita njiani akamshauri azipake oili chafu kwanza, maana udongo wa huku una mchwa wasiochagua. Baba watoto akasema oili itaharibu ladha ya mayai. Mchwa wakaja. Kuku nao wakagundua kwamba ukichakura kwenye shina la nguzo chakula hakiishi, na kila mfugaji wa Ukambani anajua jinsi kuku anavyopenda mchwa. Wakala, wakanenepa, wakataga vizuri kuliko wakati wowote. Mwenye banda akajipongeza kwa kile alichokiita mfumo wa lishe unaojiendesha. Usiku mmoja mfumo ukajiendesha hadi chini. Kuku hawakuumia, kwa kuwa paa lilishuka polepole mno, lakini sidhani kama katika kaunti nzima kuna kuku wengine waliokula nyumba yao wakaimaliza.

Hapo ndipo nilipomgusia habari za damu. Nilimwambia kwamba babu zetu walichonga vigoda, miiko na fimbo zao, sawa, ila vinyago hivi ambavyo watalii humfahamia Mkamba vilikuja kwa mtu kwenda kujifunza. Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Machakos, alijikuta Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakutana na wachongaji wa huko, akawatazama mikono, akarudi kwao na ujuzi. Watu wa kijiji chake wakajifunza kwake, wengine wakajifunza kwa hao, hadi kazi ikafika Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika mwaka wa 1963. Mutisya alikuwa na damu ileile ya Kikamba kabla ya safari na baada ya safari. Kilichoongezeka ni kwamba alikaa chini ya mtu anayejua.

"Unaona?" akasema baba watoto. "Hata yeye alijifunza kwa kutazama." Akachukua simu yake, akatafuta video ya Mzungu anayetengeneza mlango.

Mlango huo ulikuwa wa choo, kilichoko uani, hatua chache kutoka jikoni. Tulikuwa na mwembe mzee usiozaa tena. Akamwita kijana mwenye pawa so, mwembe ukaangushwa, ukapasuliwa mbao, na kabla wiki haijaisha mbao hizo zikawa mlango. Zilikuwa bado zinanukia utomvu. Anayejua kazi huzipanga mbao mbichi kivulini, akaweka vijiti kati ya moja na nyingine ili hewa ipite, akaziacha miezi zitulie. Lakini Mzungu wa kwenye simu hakulisema hilo, bila shaka kwa sababu mbao zake alizinunua zikiwa kavu.

Mwanzoni mlango ulienea vizuri hata nikaanza kuona haya kwa maneno yangu. Kisha ukaja ule ukavu wa Agosti na Septemba, mbao zikaanza kutoa maji yao. Ubao unapokauka haufupiki sana kwa urefu, ila upana wake hunywea. Mlango ukanywea, likatokea pengo upande wa komeo, na yeyote aliyeingia chooni ikambidi aimbe ili wapitao wajue kuna mtu. Baba watoto akaliziba pengo kwa kupigilia kipande cha ubao ubavuni mwa mlango. Pengo likatoweka. Kwa jua lile la Septemba ilikuwa kazi safi.

Novemba mvua ikanyesha. Huku Ukambani mvua za mwisho wa mwaka ndizo tunazozitegemea kwa mahindi na ndengu, kwa hiyo tulizipokea kwa shangwe. Mlango pia ulizipokea. Ulivimba ukarudi upana wake wa kwanza, halafu juu ya upana huo kulikuwa na kile kipande cha nyongeza. Sisi wenyeji tuliijua dawa yake: ukiwa ndani unauinua kwa mikono miwili, kisha unaupiga bega chini kidogo ya komeo.

Mama yangu hakuijua.

Alikuwa ametoka Mutomo alfajiri, akashuka hadi Kibwezi, akafuata barabara ya Mombasa hadi Emali, akapanda matatu nyingine ya kuja Wote, mkononi ana mtungi wa asali ya Kitui na furushi la ndengu. Baada ya chai akaomba kuonyeshwa uani. Wingu lilikuwa limefunga. Nilirudi jikoni kugeuza muthokoi, na nilipotoka nikasikia hodi. Hodi hiyo ilitoka ndani kuja nje.

Sasa hapa mgeni wa desturi zetu lazima aelezwe jambo. Mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawakai karibu, na wakikutana njiani mmoja wao hukata kona kupisha. Wapo waliolegeza siku hizi. Mama yangu hajalegeza kitu. Kwa hiyo mtu pekee aliyeuelewa mlango ule ndiye mtu pekee ambaye hakuruhusiwa kuusogelea, na alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, futikamba kiunoni.

Nikavuta kishikio, kikabaki mkononi mwangu. Kitinda mimba wetu akateuliwa kuwa mjumbe baina ya tangi na choo.

"Susu, Baba anasema uinue mlango halafu uupige bega."

Kimya. Kisha sauti ikatoka, tulivu kabisa: "Mwambie baba yako nimekuja kusalimia. Sikuja kupigana."

Mtoto akakimbia hadi kwenye tangi, akarudi. "Baba anasema siyo kosa lako, Susu. Ni mbao zimevimba kwa unyevu. Zikikauka mlango utafunguka."

"Zitakauka lini?"

Mtoto akaenda, akarudi. "Januari."

Nikauliza kama hatuwezi kuzing'oa bawaba, maana zilikuwa kwa nje. Mjumbe akaleta jibu kwamba bawaba zilipigiliwa misumari badala ya skrubu, kwa kuwa siku ile bisibisi ilikuwa imepotea, na kwamba ncha za misumari zilikunjwa kwa ndani ili mwizi asiweze kuzichomoa. Mwizi wa nini, chooni, sikuuliza. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka kwenye mabati, na kila tone lilikuwa linaongeza tatizo.

Nilimpigia simu fundi. Ndiyo, yuleyule wa 2018. Alifika na pikipiki, kofia imelowa, akauzunguka mlango mara moja, akapitisha kidole kwenye ule ubavu wa nyongeza. Hakuuliza nani aliutengeneza. Akachomeka chuma bapa, akakikwanyua kile kipande, na mlango ukasogea wenyewe. Nilipotaka kumlipa alikataa, akasema kazi yenyewe haikuwa kubwa kuliko ya kuondoa kijiti kwenye jino. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema alianza kwa kubeba mbao kwenye kibanda cha mjomba wake mjini, akafagia vumbi la randa kwa miaka, na msumeno alipewa mwishoni kabisa.

Mama akatoka, akarekebisha leso yake, akalitazama tangi bila kulitazama, akamwambia mjukuu wake:

"Mwambie baba yako kwamba wakati wa mahari tulihesabu mbuzi wote vizuri, ila mlango huu hatukuuhesabu. Aongeze mmoja."

Jioni ile alizungumza na mimi kwa sauti iliyokusudiwa kufika chumba cha pili. Alisema mlango wa nyumba yake kule Mutomo ni wa mukau, aliuweka baba yangu kabla mimi sijazaliwa, na hadi leo unafunguka kwa kidole kimoja. Mukau mchwa huupita. Warina asali wa kwetu huchongea mizinga yao kwa mukau, na mzinga hukaa mtini miaka na miaka. Ubao wa mwembe, alisema, ni wa kupikia muthokoi.

Baba watoto hakulala vizuri. Kufikia asubuhi alikuwa ameshasoma kila kitu. Akanieleza kwamba mukau ni mti wa nchi kavu kama zetu, kwamba mbao zake hulinganishwa na mahogani, na kwamba taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeushughulikia kwa muda mrefu pale Kitui, ikisaidiwa na Wajapani waliokuja kule tangu miaka ya 1980. Miche yake ipo ya kununua.

Lakini damu haikubali miche ya kununua. Alitaka kuiotesha mwenyewe, na mbegu za mukau si mchezo. Hujificha ndani ya kokwa gumu linalopasuliwa kwa kisu na uangalifu mwingi, ndiyo maana zamani watu waliokota makokwa hayo zizini baada ya mbuzi kula matunda. Baba watoto alitumia nyundo. Makokwa yakawa unga, na mbegu zake humohumo. Kifungua mimba wetu ndiye aliyekaa kibarazani na kisu kidogo, akapasua moja moja bila kusema neno, akaloweka, akaatika. Baada ya siku kadhaa mistari miwili ya miche ya kijani ilikuwa imesimama kwenye karatasi za nailoni, na baba yake akawa anawaonyesha wageni na kusema, "Unaona? Damu."

Wakati huo mbuzi wa faini alikuwa ameshanunuliwa na kufungwa uani, akisubiri gari la kwenda Mutomo. Kamba yake ilipimwa na baba watoto. Majani ya mukau ni lishe nzuri sana ya mbuzi, jambo ambalo wataalamu wamelithibitisha, na mbuzi yule pia alilithibitisha, mistari yote miwili, kabla jua halijachomoza.

Ameatika upya. Safari hii miche iko ndani ya uzio, na uzio umejengwa na fundi. Mukau hukomaa kwa mbao baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano, na mume wangu amekula kiapo kwamba hatagusa msumeno mpaka apate ubao wa maana. Kila jioni akichukua debe la maji kwenda kunyweshea, mimi humtia moyo. Nimewaonya watoto wasimharakishe baba yao, maana mti ni subira. Na kwa kuwa miaka kumi ni mingi kwa familia kukaa bila faragha, nimeshampigia fundi simu tena: kuna mlango wa choo, na nimemwambia aje na skrubu zake mwenyewe.