Jinsi ya kusoma katakana ukiwa kwenye foleni ya mafuta

Kwanza tafuta gari lililotoka Japani. Bujumbura hiyo si kazi: simama Buyenzi, kati ya mafundi na mirundo ya vipuri, uite "Probox!" uone watakavyogeuka. Utalijua pia kwa usukani wake wa kulia. Huku tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori humuuliza abiria wa mbele kama kuna gari linakuja.

Pili, acha tangi likauke. Herufi za msingi za katakana, mojawapo ya miandiko ya Kijapani, ni 46 tu, na zipo foleni ambazo mtu angemaliza hizo akaanza na maelfu ya kanji.

Shuka, fungua kifuniko cha tangi. Kwa ndani huenda kuna stika iliyoandikwa ガソリン. Soma polepole: ga, so, ri, n. Petroli. Matatizo yote ya katakana yamo humo, maana herufi ya pili na ya nne ni mapacha. Mstari mrefu wa ソ unashuka kutoka juu. Wa ン unapanda kutoka chini. Ukizichanganya usijali, jirani yako kwenye foleni anaamini hicho ni Kichina. Ukiona na レギュラー, hiyo ni regyuraa, petroli "ya kawaida". Usicheke kwa sauti. Kuna watu wamelala hapo tangu jana.

Matamshi yasikutishe. Mjapani naye konsonanti zikigongana huchomeka irabu katikati, kama bibi zetu. Breki kwake ni bureeki, pancha ni panku, na burashi ni burashi vilevile. Kitufe cha ナビ kinasomeka nabi, lakini usiombe dua bado: ni kifupi cha mashine ya kuonyesha njia, na ramani iliyomo inaijua Japani peke yake. Unabii wake unaishia Okinawa.

Sasa tuingie mtaani. Utaambiwa katakana ni ya maneno ya kigeni, nawe utaamini mpaka ukutane na キモい, kimoi, yaani "inatia kinyaa". Neno hilo ni mwenyeji kabisa, limekatwa kutoka kimochi warui, hisia mbaya. Mbona limevaa nguo za wageni? Kwa sababu ni la vijana, na katakana ina pembe kali, hulifanya neno lipige kelele katikati ya sentensi. Hata mtaa wa Bwiza utamwona kijana wa hapahapa amevaa miwani ya jua saa mbili usiku. Hakutoka ng'ambo, anataka tu aonekane.

ヤバい, yabai, asili yake ni mambo kuharibika. Leo vijana wanalisemea hata bakuli la tambi tamu. Kamusi ya nini? Juzi wewe mwenyewe ulisema samaki mukeke wa pale ufukweni ni hatari, ukaagiza wa pili.

Tazama pia mkia wa neno, maana hapo ndipo ujanja ulipo. Katika サボる, saboru, herufi mbili za mwanzo ni katakana: ni sabotage ya Kifaransa iliyokatwa mkia. Ile る ya mwisho ni hiragana, mwandiko wa duaraduara wa nyumbani, nayo ndiyo inayogeuza kipande hicho kuwa kitenzi: kutoroka darasa au kazi. Sisi tunabandika ku- mbele, wao wanabandika ru nyuma, na Mfaransa hajalipwa na yeyote. Wamemchukulia hata avec, wakafanya アベック, abekku, wapenzi wawili wanaotembea pamoja. Hilo limezeeka lakini. Ukilitamka Tokyo leo, watakuuliza habari za wajukuu.

Mafuta yakipatikana, washa gari. Kama bahati yako ni yangu, sauti ya mwanamke itatoka kwenye dashibodi: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Kaado umeshaitambua, ni kadi. Analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, na amelalamika hivyo kila asubuhi tangu gari lishushwe bandarini Dar es Salaam. Abiria watauliza amesema nini. Usianze kuwafundisha. Mzee mmoja wa teksi pale Buyenzi huwajibu bila kugeuza shingo:

"Anawasalimia. Halafu anasema mwenye noti ndogo atoe sasa hivi, chenji hakuna."