Jinsi ya Kuwapeleka Watoto Makumbusho Bila Kuishia Kariakoo

Kutoka Ngara au Biharamulo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Zipo familia zinazoumaliza mwendo huo wote kwa basi, zikapita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, kisha zikaishia madukani Kariakoo. Mtoto akiulizwa shuleni aliona nini, anasema: ngazi zinazopanda zenyewe. Nauli ya familia nzima imekwenda kwenye ngazi! Fuateni utaratibu huu.

1. Anzeni nyumbani. Kabla ya kukata tiketi, wapelekeni watoto kwenye Boma la Biharamulo, ngome ya Wajerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20. Waulizeni ni nani waliojenga kuta zile, na kwa malipo gani. Halafu wafike Maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda, ambako maji ya mto Ruvubu yameshaungana na ya Kagera. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894, na hapo ndipo wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka kuingia Ngara kwa takribani saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994. Mtoto aliyeyajua haya haingii makumbusho kama mgeni.

2. Bibi apate siti. Hakosi mjomba wa kusema bibi abaki alinde mbuzi. Mbuzi wapelekeni kwa jirani. Pale Kijiji cha Makumbusho jijini Dar, kando ya barabara ya Bagamoyo, kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, ikiwemo msonge ya Wahaya ambayo nyasi zake zinashuka hadi chini. Bibi aliyekulia kwenye nyumba ya nyasi atainama mlangoni bila kuambiwa, na atawaonyesha wajukuu mahali pa moto na mahali pa mifugo. Mwacheni aseme. Atakayemkatiza ili apige picha, abebe mizigo mpaka Ngara.

3. Mshindeni shangazi kwa heshima. Mwenyeji wenu atakuwa na ratiba tayari: asubuhi Kariakoo, mchana Kariakoo, jioni Coco Beach. Mwambieni: "Shikamoo shangazi. Tumeshukuru sana, ila leo tunakwenda makumbusho, na wewe tunakwenda nawe." Msisahau hilo la mwisho. Wako watu waliozeeka Dar ambao Makumbusho wanaijua kwa stendi ya daladala tu.

4. Someni kwanza, picha baadaye. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, na yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza. Muulizeni mwongozaji habari za fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Mkifika kwenye historia ya ukoloni, punguzeni mwendo: watoto waliolishika Boma kwa mikono yao watakuwa na maswali, na baba asiyejua jibu amuulize mwongozaji, asitunge.

5. Makumbusho moja, siku moja. Watoto wakichoka hawasikii tena. Bebeni maji, na kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni.

6. Waalikeni wa Dar. Likizo ijayo ni zamu ya binamu kupanda basi. Waonyesheni Boma na Rusumo, ambako maji ya mto sasa yanazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Wapelekeni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Na mwongozaji wao awe yule mtoto wenu wa darasa la tano. Akiweza kueleza kwa mdomo wake mwenyewe, nauli ya Dar imerudi.